Jahazi Bila ya Shehena: Kukitengeneza Chombo cha Kazi Kiwe Chombo cha Familia

Katika sebule za jamaa zetu wengi, iwe Maskati, Sur, Dubai au London, si ajabu kukuta picha ya chombo cha tanga ukutani. Aghalabu picha hiyo haina tarehe. Wenye nyumba hukitambua chombo kwa jina la nahodha wake, au kwa safari moja isiyosahaulika: mwaka babu alipoteremka kwa kaskazi, au siku zile baada ya Januari 1964 watu walipoingia chomboni na kile walichoweza kukibeba mikononi. Katika kizazi cha wajukuu wako sasa ambao picha haiwatoshi. Wanakitaka chombo chenyewe, au ndugu yake: jahazi kuukuu lililolazwa topeni katika bandari moja ya Pwani, walinunue, walitengeneze, watembee nalo na watoto wao.

Nia hiyo ni njema, na haiko mbali na uwezo. Matondoni katika kisiwa cha Lamu, na Nungwi kaskazini ya Unguja, bado wako mafundi wanaounda vyombo vya mbao kwa mikono. Lakini wengi wanaoianza kazi hii huuliza kwanza mbao ngapi zimeoza na mashine gani itafaa. Hayo ni maswali ya lazima, ila si ya mwanzo. Jahazi liliundwa kubeba mzigo. Umbo lake, mlingoti wake, tanga lake na hata idadi ya mabaharia wake vilipimwa kwa chombo kilichojaa. Mwenye kuligeuza likawa la matembezi analiondolea shehena. Basi swali la mwanzo ni hili: badala ya shehena utatia nini? Makala hii inaeleza kazi ya kulitengeneza jahazi hatua kwa hatua, na kwa nini swali hilo linarudi katika kila hatua.

Njia tatu za kukihifadhi chombo

Watu wetu wamevihifadhi vyombo kwa njia zaidi ya moja, na ni vyema mtu ajue yeye anafuata ipi.

Njia ya kwanza ni kuunda kipya kwa mfano wa cha kale. Sohar iliundwa Sur mwaka 1980, mbao zake zikashonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari, na Tim Severin akaiongoza kutoka Maskati hadi Canton, China. Leo imesimama nchi kavu karibu na hoteli ya Al Bustan Palace. Mwaka 2010 Jewel of Muscat, nayo ya kushonwa, ilisafiri kutoka Omani hadi Singapore.

Njia ya pili ni kukirejesha cha kale chenyewe na kukiweka nchi kavu kiwe kumbukumbu. Mfano wake ni Fatah al-Khair, ganja iliyoundwa Sur, ikauzwa ng'ambo, ikaja kuonekana Yemen. Watu wa Sur walichanga fedha zao, na mwaka 1993 ikarudi nyumbani. Kila mwenye asili ya Sur anajua uzito wa jambo hilo.

Njia ya tatu ndiyo tunayoieleza hapa: kukitengeneza chombo cha kazi na kukirudisha majini, kiendelee kutembea. Kila njia ina gharama yake. Chombo cha nchi kavu hukauka, mbao zikapasuka kwa jua, na hakuna baharia anayejifunza kwacho kupandisha tanga. Chombo cha majini huliwa polepole na maji na wadudu, na kila mwaka kitataka fedha. Lakini ni katika hiki tu ndipo kazi ya nahodha, ya serehangi na ya fundi huonekana ikifanywa.

Umbo limo ndani ya mbao

Desturi ya kuunda vyombo, ya Ghuba na ya Pwani, ni moja katika jambo kubwa: fundi haanzi na karatasi. Hulaza mkuku, husimamisha mti wa omo na wa tezi, kisha hupanda na mbao za ubavu. Mataruma, yaani mbavu za ndani, hutiwa wakati mbao zimeshaanza kutoa umbo. Fundi huchagua mti wenye pindo lake la asili ufuate mviringo aliokwisha kuuona kwa jicho. Kipimo chake ni kamba, shubiri, dhiraa na mazoea aliyoyarithi.

Hata maneno ya kazi hii yamevuka bahari pamoja na watu. Katika Ghuba fundi wa vyombo huitwa qallaf. Sisi tumebaki na kalafati, kazi yake ya kuziba maungio. Msaji, nahodha, joshi, demani, deheni na shahamu ni maneno ambayo mzee wa Sur na mzee wa Lamu wanaweza kuyatumia na wakafahamiana bila ya mkalimani.

Faida yake kwa mtengenezaji wa leo ni hii. Kwa kuwa jahazi halina ramani, ramani yake ni lenyewe. Ukizing'oa mbao zote kwa pamoja, mataruma hayatalishika umbo; yatafunguka au kusinyaa, na utakachokiunda tena kitakuwa chombo kingine. Kwa hivyo kabla ya kugusa msumari, jahazi lipimwe na lichorwe: urefu, upana katika kila hatua, kina, na mviringo wa ubavu. Siku hizi kupima kwa miale ya leza ni rahisi, lakini timazi, uzi na ubao wa kuchorea vinatosha kwa mtu mvumilivu. Nakala moja ya michoro ibaki na fundi aliyefanya kazi, kwani chombo ni cha ustadi wake na wa waliomtangulia.

Kukagua kabla ya kununua

Ukaguzi wa kwanza ufanywe maji yakiwa yamekupwa na jahazi limelala, wa pili likiwa linaelea. Chombo hueleza habari mbili tofauti katika hali hizo mbili.

Funga uzi kutoka omo hadi tezi kando ya mkuku. Mkuku wa chombo kizee mara nyingi hupinda: katikati hupanda, omo na tezi zikashuka, kwa sababu ncha mbili ni nzito na maji huzibeba kidogo. Kupinda kidogo ni kawaida ya umri. Kukiwa kumezidi, mataruma ya katikati yamechoka na maungio yatavuja kila chombo kitakapopanda mawimbi.

Kisha tazama misumari. Vyombo vingi vya karne ya 20 vilipigiliwa misumari ya chuma, shingo ya kila msumari ikizungushiwa pamba iliyolowa mafuta. Chuma kikianza kutu, kutu huila mbao iliyoizunguka, na tundu hupanuka hadi msumari ukacheza. Ubao unaweza kuwa mzima urefu wote na ukawa umekufa palipo na misumari tu. Doa jeusi kuzunguka kichwa cha msumari ndilo dalili.

Oza mbaya haitoki baharini. Maji ya chumvi huihifadhi mbao kwa kiasi. Maji ya mvua ndiyo yanayoiozesha. Kwa hivyo chunguza chini ya sitaha, penye maungio ya ukingo, na katika pembe za tezi ambako mvua hutuama. Choma kwa kisu chembamba. Mbao nzima hukataa, iliyooza hukipokea. Chini ya maji adui ni mwingine: mdudu mtoboaji wa baharini, ambaye tundu lake la kuingilia ni dogo kama la sindano na njia zake za ndani ni nene kama kidole. Gonga kwa nyundo ya mti na usikilize.

Mwisho, na hili wengi hulipita, tafuta mstari wa deheni. Chini ya maji chombo hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Juu ya maji hupakwa sifa, mafuta ya papa. Mpaka wa mapako hayo mawili umekaa ubavuni miaka mingi, na hata rangi mpya haiufuti wote. Huo ndio unaokuambia chombo kilikuwa kikikaa majini kwa kina gani kilipokuwa kazini. Upime, uupige picha, uuandike. Utauhitaji tutakapofika kwenye farumi.

Kubadilisha mbao

Kanuni ya mafundi ni ubao mmoja kwa mmoja. Ukitoa mmoja ubavu wa kulia, unaofuata utoe wa kushoto, ili nguvu za pande mbili zisiachane. Ndani weka mihimili ya boriti kutoka ubavu hadi ubavu, na chini ya mkuku weka magogo mengi kwa urefu wake wote, si mawili matatu tu. Jahazi lililosimamishwa juu ya saruji kwa miguu michache litapinda katika muda wa matengenezo yenyewe.

Mbao mpya ifanane na ya zamani kwa uzito na ugumu. Msaji umekuwa ukisifiwa tangu kale katika Ghuba, ukiletwa kutoka Malabar. Pwani walitumia mvule, mbambakofi, hata mwembe. Ubao mgumu sana uliopigiliwa kati ya mbao laini huzivuta jirani zake zikapasuka.

Misumari iwe ya namna moja. Chuma kilichopakwa zinki ndicho kilicho karibu zaidi na cha asili. Ukichanganya shaba na chuma ndani ya maji ya chumvi, chuma kitaliwa upesi. Hata chuma kisichoshika kutu si salama katika mbao iliyolowa daima, maana pasipofika hewa nacho huliwa kimyakimya.

Baada ya mbao huja kalafati: pamba iliyotiwa mafuta, ikashindiliwa kwenye maungio kwa patasi butu. Isishindiliwe kupita kiasi, kwani mbao zitakapolowa zitavimba, na pasipo nafasi zitasukumana hadi misumari ing'oke. Wako wanaoshauri kukifunika chombo chote kwa faiba ili kisivuje tena. Jahazi la misumari hucheza. Mbao zake hujongea kwa kila wimbi. Faiba haijongei nazo. Itapasuka mahali, maji yataingia nyuma yake, na mbao itaozea gizani pasipo mtu kuiona.

Mwanahistoria ana haki yake katika hatua hii. Kiraka cha bati, ubao wa mti wa mbali uliotiwa katika bandari ya kigeni, jina lililochongwa na baharia chini ya sitaha: hizo ni kurasa za kitabu. Kisichohatarisha usalama kiachwe. Kinacholazimika kutoka kipigwe picha, kiandikwe kilipokuwa, kihifadhiwe.

Farumi

Sasa turudi kwenye shehena. Mwaka 1938 na 1939 Alan Villiers alisafiri na bumu la Kuwaiti, Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, kupitia Lamu, Mombasa na Unguja hadi delta ya Rufiji, ambako walipakia boriti za kurudi nazo Ghuba. Boriti hizo ndizo zilizoezeka nyumba za kale, na urefu wake ndio uliofanya vyumba vya zamani vya Kuwaiti, kama vya Lamu, viwe virefu na vyembamba. Lakini kabla ya kuwa dari, boriti zilikuwa uzito. Zikiwa zimepangwa tumboni mwa chombo, zilikituliza. Tanga kubwa likaweza kusukuma pasipo kukilaza. Tende za kushukia na boriti za kurudia zilikuwa biashara, na zilikuwa pia salama ya safari.

Jahazi tupu hukaa juu ya maji kama kikombe. Mlingoti na foromali, ambavyo ni vizito na viko juu, havina cha kuvipinga chini. Nahodha aliyelazimika kurudi bila ya mzigo alitia farumi: mawe au mchanga tumboni. Chombo cha familia ni chombo kinachorudi bila ya mzigo kila siku ya uhai wake. Farumi kwacho si dharura, ni sehemu ya mwili.

Hatari huzidi kwa sababu mwenye chombo cha matembezi haondoi tu uzito wa chini, huongeza na wa juu. Kivuli cha mbao, chumba cha kulala juu ya sitaha, tangi la maji darini, jenereta, mashine ya baridi, kisha wageni ishirini waliosimama ubavu mmoja kutazama pomboo. Kila kimoja ni kidogo. Vyote pamoja vimehamisha uzito wa chombo kutoka tumboni hadi kichwani. Tangi la lita 1,000 ni tani nzima, na likiwa nusu maji yake hukimbilia upande ule ule chombo kinakolalia, yakakivuta zaidi. Matangi yawekwe chini, yawe madogo na yagawanywe ndani kwa vizuizi.

Farumi ya mawe ya mviringo ndiyo ya asili na bado ni njema: hewa hupita kati yake, na huweza kutolewa ngama ikasafishwa. Mchanga utiwe magunioni, usije ukaziba pampu. Risasi ni nzito na huchukua nafasi ndogo, ila ni ghali. Vipande vya chuma vipakwe vizuri na visigusane na misumari. Kumimina saruji ngamani ni kosa ambalo huonekana baada ya miaka: maji hukaa kati ya saruji na mbao, na mkuku huoza bila ya kuwezekana kukaguliwa. Farumi yoyote ifungwe kwa mbao juu yake. Jiwe linalohama wakati chombo kimelala huwa adui kuliko kukosekana kwake.

Kiasi gani? Hapo ndipo mstari wa deheni unapofaa. Si lazima jahazi lizame hadi kina cha shehena kamili. Chombo kilichozidishiwa uzito chini kabisa nacho hurudi kwa kishindo, kikachosha mlingoti na matumbo ya wasafiri. Lengo huwa kati ya kina cha utupu na kina cha mzigo. Tia kidogo kidogo katika maji matulivu, mlingoti umesimama na matangi yamejaa. Manahodha walikuwa na kipimo chao: kitikise chombo kando ya gati, uhesabu. Kinacholala kivivu na kuchelewa kuinuka kina uzito juu. Kinachorudi kwa wepesi bila ya kupiga kiko salama. Baada ya hapo aitwe mhandisi wa meli. Yeye huhamisha uzito unaojulikana kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, hupima chombo kimelala kiasi gani, na hukupa jawabu kwa hesabu. Jicho la nahodha na hesabu ya mhandisi zikikubaliana, lala usingizi. Zikipingana, usiondoke bandarini.

Wazee wa Pwani walisema: hata ukenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni pale chini kabisa maji yanapokusanyika na kukumbwa. Methali tunaitumia kwa mambo ya watu, lakini aliyeitunga alikuwa akisema pia jambo la kweli kuhusu vyombo.

Tanga, foromali na watu

Tanga la pembetatu ni zuri kulitazama na gumu kuliendesha. Foromali, ule mti mrefu unaolibeba, mara nyingi ni miti miwili au mitatu iliyofungwa pamoja kwa kamba. Chombo kikitaka kubadili upande, aghalabu hugeuzwa kwa kuupitisha upepo tezi, na foromali husimamishwa wima ikazungushwa mbele ya mlingoti. Hiyo ni kazi ya mabaharia wengi wanaofahamiana. Shehena ndiyo iliyokuwa ikiwalisha.

Familia ya watu wanne haitaiweza. Jawabu si kulitupa tanga na kubaki na mlingoti wa mapambo. Vyombo vyetu vya safari havikuwa na desturi ya kulipunguza tanga kwa kulikunja. Vilikuwa na matanga kadhaa, kubwa la upepo mdogo na dogo la upepo mkali, likishushwa moja na kupandishwa jingine. Anza na lile dogo. Foromali fupi na nyepesi, na tanga la kiasi, huupunguza pia uzito wa juu, na farumi ikahitajika kidogo zaidi. Tumia kapi nzuri kwenye henza. Na chagua msimu: kusi ya Juni hadi Agosti iliyoifunga bahari kwa mababu haijabadilika kwa sababu sisi tuna simu.

Mashine, maji na moto

Mashine si usaliti wa asili. Vyombo vingi vilivyofanya kazi katika nusu ya pili ya karne iliyopita vilitiwa mashine, na baadhi ya majahazi utakayoyakuta tayari yanayo. Tatizo ni mahali. Mti wa tezi ndio unaoubeba usukani; ukiutoboa tundu kubwa la mhimili wa rafadha, umeudhoofisha pale unapofanya kazi kubwa zaidi. Ama uongezewe mbao pande zote mbili, ama mhimili utolewe kando ya mkuku. Mashine huiteremsha tezi, basi sehemu ya farumi isogezwe omo mpaka chombo kikae sawa.

Pampu ziwe mbili, moja ya umeme na moja ya mkono, na mdomo wa kila moja ufike ngamani hasa. Jiko nalo lataka tahadhari. Mabaharia walipika sitahani, juu ya kisanduku chenye mchanga. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja chini ya sitaha hushuka ngamani, ikakaa huko ikingoja cheche ya betri au ya pampu. Mtungi ukae nje, juu, katika kisanduku chenye tundu la chini linalotolea baharini.

Kuhusu karatasi, ulizia kwa mamlaka ya bandari kabla ya kulipa fedha. Chombo kilichoandikishwa kuwa cha shehena hakiwi cha abiria kwa kubadilishwa rangi tu, na nchi utakayokipeleka ina masharti yake ya maboya, taa, redio na ukaguzi.

Chombo hutaka kazi

Jahazi likimaliza kutengenezwa, hatari yake kubwa huwa ni kupumzika. Likiwa kazini, kila asubuhi sitaha ilimwagiwa maji ya bahari, mbao zikabaki zimevimba na maungio yamefunga. Kila baada ya miezi michache lililazwa ufukweni, likachomwa chini kwa makuti ili wadudu wafe, likapakwa deheni upya. Hayo hayakuwa mapenzi ya historia, ni malipo ya mzigo wa safari iliyofuata. Chombo cha familia kilichofungwa gatini miezi kumi na moja, kikingoja likizo, hukauka juu na kuliwa chini. Wengi waliotumia mali nyingi kutengeneza wamekipoteza chombo kwa njia hii, si kwa dhoruba.

Kwa hivyo mwenye nia apange matunzo kabla ya matengenezo. Awe na mlinzi baharia, si mlinzi wa lango. Akiache chombo pale ambapo fundi aliyekitengeneza anaweza kukifikia. Kwa wengi wetu maana yake ni kukiweka Pwani na kukifuata huko, badala ya kukisafirisha hadi bandari ya anasa isiyo na mtu anayejua kalafati. Familia mbili tatu zikishirikiana, chombo hupata safari nyingi na gharama hugawanyika. Vijana wafundishwe kazi, wasiwe abiria. Na liwekwe daftari: kila ubao uliobadilishwa, fundi gani, mti gani, na majina ya viungo kama wazee walivyoyatamka kwa Kiswahili na kwa Kiarabu.

Katika daftari hilo historia iandikwe yote. Vyombo vya namna hii vilibeba tende, ng'onda na boriti. Vilibeba maharusi, mahujaji na wakimbizi. Na katika karne ya 19 vilibeba pia watu waliouzwa. Anayelirejesha jahazi majini hana ruhusa ya kuchagua kumbukumbu tamu peke yake. Watoto watauliza, na ni bora wajibiwe wakiwa juu ya sitaha ile ile.

Mzigo wa zamani hautarudi. Boriti hazisafiri tena kwa tanga hadi Basra, na hakuna anayengoja kaskazi ili apate tende. Lakini jahazi halijui hayo. Linajua tu kwamba limejaa au ni tupu. Mwenye kulitengeneza atie mawe ngamani, watu sitahani na fundi karibu, nalo litakaa majini kama lilivyoundwa kukaa.